Mashine ya Kuchanjia Kuni: Uzoefu Wangu wa Miezi Minane

Ninabanika sangara na sato karibu na mwalo wa Igombe, hapa Ilemela, Mwanza, na kazi hiyo hula kuni kila siku. Kwa miaka mingi nilichanja magogo mwenyewe kwa shoka, hadi mwaka jana maumivu ya kiuno yalipoanza kushuka mpaka pajani, na daktari akanieleza kwamba kuinama huku nimejipinda na mzigo mikononi kunaniumiza kuliko hata pigo la shoka lenyewe. Kwa hiyo nilipokwenda mjini kutafuta mashine, nilishangaa kuona kila muuzaji akianza na habari za tani, yaani nguvu ambayo pistoni ya mashine hulisukumia gogo kwenye kabari ya kulipasua, wala hakuna aliyeniuliza gogo litapandishwaje mpaka kwenye kabari hiyo.

Kwanza niliazima mashine ya jeki ya mkono, ile ya tani 10 yenye mipini miwili. Haihitaji umeme wala petroli, na nguvu inayo, kwa kuwa mafuta yanayotoka kwenye pampu nyembamba husukuma pistoni iliyo pana zaidi. Lakini nguvu hiyo hulipiwa kwa mwendo, maana kila ukipampu pistoni husogea kidogo sana. Kwa kuni za kupikia nyumbani ingetosha. Mimi baada ya gogo la kumi na tano mabega yalikuwa yanawaka moto, tena mashine yenyewe hulazwa chini, hivyo kazi yote niliifanya nimepiga magoti. Ya petroli ya zaidi ya tani 20 niliitazama tu: inapasua karibu gogo lolote, ila uzito wake unapita kilo 100, na kuisukuma kwenye mchanga wa ufukweni si kazi ya mtu mwenye kiuno kibovu.

Nilichukua ya umeme ya tani 7, yenye mota ya wati 2,200, ikiwa imetumika, kwa shilingi 950,000. Nayo hukaa chini, kwa hiyo nilimwomba fundi wa kuchomelea anitengenezee meza ya chuma ya kimo cha kiuno changu. Alipima, akatikisa kichwa. “Mama, meza ikifika kiunoni, gogo utalinyanyua mpaka kifuani,” akasema. “Tuishushe, sentimita 65 zinakutosha.” Alikuwa sahihi kabisa. Ubavuni aliegemeza ubao mpana wenye mteremko, na sasa magogo ninayaviringisha kwenda juu badala ya kuyabeba. Meza na ubao huo vimenisaidia kuliko tani zote 7.

Mashine haifanyi kazi mpaka mkono mmoja ubonyeze swichi na mwingine ukandamize wenzo. Ukiachia mmoja, pistoni husimama. Mwanzoni niliona usumbufu, lakini ndiyo inayohakikisha mikono yote miwili iko mbali na kabari. Mkaratusi mbichi hupasuka kwa mlio mkali na kutoa harufu ya dawa ya kifua. Ukiuacha ukauke mzima, nyuzi zake hushikana na kabari huzama kisha ikakwama. Siku hizi ninachanja kuni zikiwa mbichi, ndipo ninazipanga juani zikauke. Mwembe wenye mafundo unahitaji subira: nikiona gogo halijafunguka kwa sekunde 5 ninaachia, ninaligeuza na kulianza pembeni, kwa sababu kulazimisha huchemsha mafuta na kuumiza pampu.

Hasara niliyoipata ilitokana na skrubu ndogo ya kutolea hewa. Inapaswa kulegezwa kabla ya kuanza kazi na kukazwa mashine inaposafirishwa ili mafuta yasimwagike. Aliyeniuzia hakunipa kitabu cha maelekezo wala hakuitaja skrubu hiyo, nami katika wiki ya tatu nilifanya kazi ikiwa imekazwa. Sili, ule mpira unaozuia mafuta yasivuje, ikaachia, mafuta yakachuruzika mpaka miguuni pangu, na nikakaa siku nne bila mashine. Lilinikera sana jambo hilo, kwa kuwa maelezo ya dakika moja yangelizuia.

Jambo jingine ni waya. Kwa ekstensheni nyembamba ya mita 20 mota ilinguruma bila kuzunguka, kwa kuwa umeme hupungua njiani. Fundi alinibadilishia waya mfupi wa milimita 2.5 za mraba, na tangu hapo inawaka mara moja. Kwa sababu ya siku za kukatika umeme, huwa ninaweka akiba ya kuni za wiki mbili.

Kiuno hakijapona, ila usiku ninalala bila dawa ya maumivu, na asubuhi ninainuka kitandani bila kushikilia ukuta. Magogo yenye unene unaozidi sentimita 25 bado ninamwachia kijana wa jirani, ambaye huyapasua vipande viwili kwa nyundo na kabari, kisha anayaviringisha mpaka chini ya ubao wangu.