TAHADHARI: Geji "ya kuzamia" inayouzwa hapa Kigoma siyo ya kuzamia

Wazamiaji wenzangu wa Kibirizi, Katonga na Ujiji, someni hii kabla hamjatuma hela. Kuna jamaa anapitisha kwenye magrupu picha ya geji ya kidijitali ya mtungi, ile inayoonyesha presha ya hewa iliyobaki, anasema ni mpya, imeingia na mzigo wa Dar. Nimempa 180,000. Iliyonifikia ni geji ya kiwandani, ya kupimia presha kwenye kompresa na mashine za haidroliki, imebandikwa stika yenye picha ya mzamiaji.

Kosa langu nalikiri, maana dalili nilikuwa nayo mkononi. Geji ya kuzamia huungwa kwenye mpira wake wa hewa kwa kipini kidogo kinachozunguka, chenye oringi (pete za mpira za kuzuia uvujaji) mbili ndogo, moja kila upande. Hii ilikuja na adapta ya shaba, na kwenye meno yake imezungushiwa ile tepu nyeupe ya mafundi bomba. Tepu, kwenye presha ya bar 200! Nami nikajiambia labda ndiyo mambo ya kisasa.

Juu ya nchi kavu ilisoma vizuri: bar 190. Nikashuka kufunga kamba injini ya boti iliyodondoka, mita kama 15, mchanga umetimka huoni mkono wako. Nikaitazama: 140. Nikahangaika na ile injini, nikaitazama tena: 140. Nikafurahi kabisa kwamba siku hizi napumua kwa ustaarabu. Kumbe kwa kina kile hewa inakwisha mara mbili na nusu ya ukiwa juu. Mara regulata, kile kifaa cha kupumulia, ikaanza kuwa nzito, kila pumzi naivuta kama nanyonya soda kwa mrija uliobanwa. Nikaiacha kamba, nikapanda taratibu huku natoa hewa kidogokidogo. Juu tukafunga geji ya mshale ya mwenzangu kwenye mtungi uleule: mshale haukufika hata 10. Ile ya kwangu bado 140, na ndani ya kioo tone la maji linatembea.

Mgongoni, chini ya stika, imeandikwa IP67. Muuzaji ananiambia hiyo maana yake haiingii maji. Maana yake ni kwamba inavumilia maji ya mita 1 kwa dakika 30, basi. Hiyo ni ya kudondoka kwenye ndoo, siyo ya Ziwa Tanganyika.

Nilipomdai hela, jibu lake nimelihifadhi: "Bosi, umeiharibu mwenyewe, umeizamisha." Geji ya kuzamia, nimeizamisha! Kisha akanibloku.

Anayetaka ya kidijitali anunue, nzuri zipo, lakini aende na mtungi uliojaa na geji ya mshale anayoiamini. Azifunge kwa zamu kwenye mtungi mmoja. Zikipishana bar 5 sawa, zikipishana 20 aage aondoke. Valvu ikiwa imefungwa na hewa imetolewa, lazima isome 0. Unapofungua valvu, fungua polepole na uso wa geji uelekee pembeni, asiwepo mtu mbele yake, kwani kioo kinaweza kuruka. Halafu mwambie muuzaji afungue kifuniko cha betri mbele yako. Oringi yake iwe laini, haina ufa, na sehemu inapokaa iwe safi. Unywele mmoja au punje ya mchanga wa Kibirizi inatosha kupitisha maji. Nyumbani ipake grisi ya silikoni kidogo, siyo ile ya bearing. Betri usiisubiri ife, kwa sababu skrini ikizimika chini huna presha ya kusoma kabisa. Mimi sasa nashuka na ya mshale, hata kama ni ya kizamani na kioo chake kina mikwaruzo.

Jamaa ameanza tena na namba nyingine. Mtamjua kwa picha, hajaibadilisha: geji imelazwa juu ya kitambaa chekundu cha meza chenye maua meupe, inasoma 0.0, na pembeni kuna kipande cha tepu nyeupe amesahau kukikata.