Miaka minne ya digrii bara, na kistari kimoja

Nyota mbili. Moja ya maktaba, moja ya msimamizi wangu wa utafiti. Tatu zilizobaki alizila yule mama wa ofisi ya mitihani pamoja na andazi lake.

Chuo sikitaji, waliosoma huko watakijua kwa harufu tu. Ni chuo kikubwa cha bara, kinajisifu kwa utafiti, na utafiti kweli unafanywa. Hilo siwanyimi.

Sasa, mwaka wa tatu hivi, maksi zangu za takwimu zikapotea. Sikufeli, wallahi. Pale pa maksi palikuwa na kistari. Mtihani niliufanya, sahihi nikatia, nikatoka na wino hadi kwenye shati. Mwalimu akasema karatasi ziko idarani, idara ikasema ziko kitivoni, kitivo kikanirudisha kwa mwalimu. Mwalimu naye keshaondoka, kaenda kusoma Ujerumani.

Kistari kikibaki, hakuna mahafali.

Mwaka uliofuata, kistari bado kipo, nilikuwa nimerudi Mombasa kwa mradi wa mwaka wa mwisho, napima mikoko Tudor. Nikapenda kazi ile kuliko nilivyotarajia. Bahari ina ratiba na inaifuata: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanakupwa mbali, unaingia, unapima, unatoka kabla hayajakufuata. Mti wa kawaida unauzungushia utepe kifuani, mita 1.3 kutoka chini. Mkoko wenyewe, ule wa mizizi iliyosimama kama miguu ya kaa, ukipima hapo umepima mizizi. Inabidi upande hadi sentimita 30 juu ya mzizi wa mwisho.

Mimi niliona uvivu, nikapima yote kifuani. Profesa akaja mwenyewe, suruali kakunja, tope magotini, mbu wanamla, akaangalia daftari langu mara moja tu. "Rudia." Miti arubaini! Nilimchukia siku ile. Leo nikipita daraja la Nyali naangalia kule chini naona fahari, bora niseme ukweli.

Lakini ndiyo maana hasira hainiishi. Chuo kinachonirudisha topeni kwa sababu ya sentimita kadhaa ndicho kilichoshindwa kunitunzia namba moja kwenye karatasi.

Nikapanda basi la usiku. Asubuhi niko kwenye dirisha la ofisi ya mitihani, miguu imevimba. "Shikamoo mama." Haikujibiwa. Anamenya karatasi ya andazi polepole, kama zawadi. Nikaeleza. Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Mombasa. Akacheka, akamgeukia mwenzake: "Hawa wa Pwani, labda alilala siku ya mtihani." Kisha kwangu: "Rudi wiki ijayo." Wiki ijayo! Kana kwamba Mombasa ni ng'ambo ya barabara. Nilisimama pale nikitetemeka, nikasema "asante mama". Asante! Hiyo ndiyo inayoniuma hadi leo kuliko maksi zenyewe.

Maksi alizipata tarishi, mzee mmoja mpole, ndani ya faili lililowekewa birika la chai juu yake. Pana duara la chai kwenye jina langu. 61. Yaani B, imekaa chini ya birika muda wote huo.

Mahafali ya wenzangu yalishapita. Dera alilolishona mamangu kwa siku ile akalivaa kwenye harusi ya binamu yangu, maana kitambaa hakingojei kitivo.

Haya, tuseme nyota tatu. Ile ya tatu ni ya tope. Na tarishi yule mpeni yake peke yake, asihesabiwe pamoja na ofisi ile, ambayo bado ni sifuri.

Mdogo wangu wa kike ameitwa hukohuko mwaka huu. Begi nimemnunulia mimi. Mama ameshaanza kuuliza bei za vitambaa Marikiti, nimemwambia asikate kitu mpaka aione orodha ya mahafali kwa macho yake.