Kuzunguka mji wa Pangani kwa miguu: elfu ishirini yangu ilikwenda wapi

Mji wa Pangani nimeuzunguka kwa miguu mara mbili. Mara ya kwanza nilikwenda peke yangu, bure. Nilimaliza kwa dakika arobaini, nikaona magofu, milango na jua. Mara ya pili nilimlipa kijana wa palepale mjini shilingi elfu ishirini anitembeze, tukatumia muda wa karibu saa tatu kwenye njia ileile. Ninachotathmini hapa ni ile elfu ishirini.

Mji wenyewe si mkubwa. Uko pale Mto Pangani unapoingia baharini, kama kilometa 50 kusini mwa Tanga. Mzunguko unaanzia kivukoni na kuishia kivukoni, na katikati kuna Boma la zamani, forodha, Mtaa wa Wahindi na soko. Mto uko pembeni karibu muda wote, mpana, maji ya rangi ya chai ya maziwa, mikoko ng'ambo.

Pale Bomani ndipo nilipoanza kuona thamani ya pesa yangu. Jengo linatajwa kuwa la 1810, la tajiri Mwarabu. Wapo wanaosimulia kwamba watumwa walizikwa hai chini ya nguzo ili jengo lisitikisike. Nilitegemea kijana aikoleze chumvi hadithi hiyo, maana watalii wanaipenda. Akasema tu, "Wazee ndivyo wanavyosema, dada. Mimi sikuwepo." Hapo nikamwamini kwa mengine yote.

Shuleni tulikariri Abushiri na Bwana Heri, viongozi wa upinzani dhidi ya Wajerumani, kama majibu ya mtihani. Kijana alinisimamisha ukingoni mwa mto akaeleza taratibu: mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilikuja kushika forodha na kupandisha bendera yake, na watu wa hapa wakakataa. Abushiri bin Salim alikuwa na shamba la miwa jirani na mji. Alikamatwa, akanyongwa hapahapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Safari yangu ya kwanza nilikaa ukingo huohuo nikinywa dafu na kuchezea simu.

Kisha akanyoosha kidole ng'ambo, upande wa Bweni na Kikogwe, akaanza habari za mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida; iliyofika hai ni 62. Hiyo ndiyo iliyopandwa ng'ambo ya mto ule. Mimi babu yangu alitoka Njombe kuja kukata mkonge Tanga, manamba, yaani kibarua wa mashambani, na sisi sote tumezaliwa kwa sababu hiyo. Miche sitini na mbili! Nikamwambia kijana. Akauliza kama babu alirudi kwao. Hapana, kaburi lake liko Muheza.

Mtaa wa Wahindi unasikitisha na unapendeza. Baraza za mbele ya maduka bado zipo, mbao za ghorofa zimeinama, na nyumba moja mti umeota ukutani mpaka mizizi inashuka kama nywele. Mzee mmoja alikuwa barazani na kikombe cha kahawa chungu. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Na wewe umekuja kutazama kuta?" Akatupisha tukae, akaagiza kahawa na kashata. Peke yangu nisingethubutu kukaa pale. Mwenye mji akiwa nawe, milango inafunguka.

Sasa lawama. Nyumba ya wageni niliyofikia ndiyo iliyonipangia muda, wakaniambia saa nne asubuhi. Saa nne Pangani ni tanuri; kufika saa sita kichwa kilikuwa kinagonga. Nendeni saa kumi jioni. Forodha tuliiona kwa nje tu, imefungwa, na wakati wa kulipa hakuna aliyenitajia hilo. Vibao vya maelezo sikuona, kwa hiyo ukienda bila mtu utatoka mtupu kama nilivyotoka mimi. Na sokoni kijana alianza kutazama saa, alikuwa na wageni wengine. Sikuridhika, maana harufu ya mihogo ya kukaanga ilikuwa ndiyo kwanza imetufikia. Nilirudi mwenyewe baadaye, na ya pilipili na ndimu nikaila nimesimama.

Ijumaa mchana msiende, maduka yanafungwa kwa ajili ya sala. Vaeni nguo za heshima, na mwombe ruhusa kabla ya kupiga picha watu.

Mwisho nilivuka Bweni. Kutoka kule ndipo mji wote unaonekana umejipanga mstari mmoja juu ya maji, mabati yenye kutu na minazi, na hata zile kuta zinazobomoka zinaonekana nzima. Nauli ya kivuko haimo kwenye elfu ishirini, na mkata tiketi hakuwa na chenji.