Kutoka Kisumu hadi Kisiwa cha Kati cha Ziwa Turkana: tathmini ya safari ya familia kwa gari la kukodi

Naandika tathmini hii kwa ajili ya mzazi wa Kisumu, Kakamega au Kitale ambaye amewahi kuwaahidi watoto kuwapeleka Turkana, kisha akaghairi kwa sababu kila aliyemuuliza alimwambia kwamba jangwa si mahali pa familia. Sisi tulikwenda Agosti, shule zilipofungwa. Tulikuwa watu saba garini: mimi na mume wangu, watoto wetu watatu ambao kitinda mimba wao ana miaka sita, mama mkwe wangu aliyeuza samaki katika soko la Jubilee kwa zaidi ya miaka 20, na dereva. Safari nzima ilichukua siku sita. Kisiwa cha Kati, ambacho ni mbuga ya kitaifa tangu 1983, kinastahili kila saa tuliyokaa barabarani, na ningemshauri mzazi yeyote aende. Gari ndilo lililokaribia kutunyima nafasi ya kukiona, kwa hiyo nitaanza nalo.

Tulilikodi kwa kampuni moja ya Kisumu ambayo sitaitaja. Tangazo lake lilisema kwamba gari liko tayari kwa safari za jangwani, na tulipokabidhiwa lilikuwa limeoshwa likang'aa, viti vimevishwa vitambaa vipya, na kiyoyozi kilifanya kazi vizuri hadi siku ya mwisho. Dereva waliyetupa alikuwa mtu wa adabu na subira, aliyewahi kupeleka mizigo Lodwar na anayeifahamu barabara ile kona kwa kona. Nilichokosa kufanya, na ambacho namsihi msomaji asikose kukifanya, ni kulitoa tairi la akiba na kulitazama kwa macho yangu kabla ya kulipa.

Siku ya pili, baada ya kupita Lokichar, watoto waliomba kushuka, na dereva akaingiza gari kando ya barabara palipokuwa na kivuli kidogo cha mathenge. Watu wa Baringo wanaujua mti huo vizuri kuliko sisi wa Nyanza. Uliletwa ili kulizuia jangwa lisienee, kisha ukaota hadi ukaziba malisho na vijito, na miiba yake ni migumu kama misumari. Dakika kumi baadaye tulipotaka kuondoka, tairi la mbele na la nyuma upande wa kushoto yalikuwa yamelala chini. Tairi la akiba lilipotolewa, tulikuta limelika hadi nyuzi za waya zinaonekana ubavuni. Jeki nayo ilikuwa fupi na haina ubao wa kuwekea chini, kwa hiyo kila dereva alipoipandisha ilizama mchangani badala ya kuinua gari, hadi mume wangu alipopata wazo la kutumia kibao cha kukatia mboga.

Fundi aliletwa kwa pikipiki kutoka Lokichar. Nilimtazama kwa karibu, kwa sababu nilijua kwamba mafundi wetu wa Kondele hutumbukiza tairi ndani ya karai la maji na kutafuta mapovu, na pale hapakuwa na maji ya kuchezea. Alimwaga maji kiasi cha kifuniko cha chupa kiganjani, akasugua kipande cha sabuni mpaka povu likawa zito, kisha akalipaka kwenye tairi polepole, shibiri kwa shibiri, akiinama kusikiliza. Povu lilipovimba mahali pamoja, akachomoa kwa koleo mwiba wenye urefu wa pingili mbili za kidole. Alitoa mitatu katika tairi moja. Kazi hiyo, pamoja na muda wa kumngoja, ilitutoa mchana wote, tukalazimika kulala Lodwar badala ya Kalokol, mji wa karibu na ziwa zinakopatikana boti. Kwa msafiri mwingine huko ni kuchelewa tu. Kwa anayekwenda Kisiwa cha Kati ni hasara halisi, kwa sababu kisiwani hufikiwa kwa boti, boti huamuliwa na upepo, na sisi tuliokuwa tumetenga asubuhi mbili za kuvuka tulibakiwa na moja.

Kampuni, nitaisema kwa haki, ilirudisha gharama ya fundi na kodi ya siku moja bila mabishano tuliporejea. Hata hivyo, pesa hazikuweza kuturudishia asubuhi ile, na gari linalokwenda Turkana na tairi moja la akiba lililokwisha halistahili kuitwa gari la jangwani. Yadai matairi mawili mazima ya akiba, jeki ndefu, ubao, koleo na pampu. Kuhusu maji, tulibeba mitungi sita ya lita 20, na hatukujuta hata kidogo.

Barabara yenyewe imekuwa rafiki kuliko sifa zake za zamani. Kutoka Kisumu kupitia Kakamega, Webuye na Kitale hadi Kapenguria hakuna la kusimulia, isipokuwa kwamba Kapenguria pana makumbusho yaliyojengwa palipokuwa na seli walizofungiwa Jomo Kenyatta na wenzake watano wakati wa kesi yao ya 1952 na 1953. Kifungua mimba wetu alipoliona jina la Achieng' Oneko, mtu wa kwetu Nyanza, alitulia mbele ya ule mlango mfupi kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Baadaye Lodwar ilipata maana nyingine kwake, maana ni huko Kenyatta alikozuiliwa kuanzia 1959, na mtoto aliyeshinda mchana kutwa kwenye joto lile haelezwi mara mbili kwa nini serikali ya kikoloni ilimpeleka huko.

Baada ya Kapenguria, barabara huteremka kupitia Ortum na Marich, na katika mteremko huo mwili hutambua mabadiliko kabla ya macho. Masweta yalivuliwa, madirisha yakafungwa, na hewa ikawa kavu kiasi kwamba taulo lililolowa lilikauka begani mwa mama mkwe kabla hatujafika Kainuk. Sisi wa Kisumu tunajidai kuwa tumezoea joto, lakini letu lina unyevu wa ziwa. La Lodwar hunyonya maji mwilini bila hata jasho kuonekana, na mtoto mdogo hasemi ana kiu mpaka kichwa kimeanza kumuuma. Tulimnywesha kwa saa. Kati ya Marich na Lokichar pana historia ya wizi wa mifugo na uvamizi wa magari, kwa hiyo dereva alipita huko mchana tu na kuuliza hali ya mbele kwenye kila kizuizi cha polisi. Mwenye haraka ya kupita usiku asichukue watoto.

Kabla ya Kalokol, kando ya barabara, zimesimama nguzo za mawe meusi ya volkeno ambazo Waturkana huziita Namoratunga, yaani watu wa mawe. Husimuliwa kwamba walikuwa wachezaji ngoma waliogeuzwa kuwa mawe. Simamisha gari hapo. Robo saa inatosha.

Tulilipa ada ya mbuga kwa simu kupitia eCitizen tukiwa bado Lodwar, na boti tulipatana nayo Kalokol, karibu na Ghuba la Ferguson. Hapa namsifu nahodha kwa moyo wote. Tulifika ufukweni kabla ya jua kuchomoza, tukiwa na vyakula na kofia, na watoto wamekwisha kuvaa majaketi ya kuokolea maisha, lakini ziwa lilikuwa limejaa mawimbi yenye vilele vyeupe. Mume wangu alimkumbusha kwamba hatuna siku nyingine.

"Mwalimu," akamjibu kwa upole, "upepo huu hatubishani nao. Keti na Mama hapo kivulini, ukitulia nitakuja kuwaita mwenyewe."

Alikuja kutuita baada ya saa nne za asubuhi. Mtu ambaye angeweza kuchukua pesa zetu alfajiri na kutupeleka hivyo hivyo alikubali kupoteza nusu ya siku yake ya kazi, na kama kuna huduma moja katika safari hii ninayoipa alama zote ni hiyo. Mwombe nahodha wako akueleze atafanya nini upepo ukikataa. Akikwambia hakuna upepo unaomzuia, tafuta mwingine.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, kilomita za mraba tano tu, nacho ni volkeno iliyochomoza katikati ya maji. Ufuko wake ni wa mchanga na kokoto nyeusi ambazo, ifikapo adhuhuri, huunguza hata kupitia soli nyembamba. Kandambili za mtoto wetu wa pili zilimfanya atembee kwa kuruka, na tukambadilishia viatu vya shule. Njia ya kupanda hadi ukingo wa kasoko, yaani shimo la volkeno, si ndefu, lakini mawe yake huteleza. Mama mkwe alifika nusu, akaketi chini ya turubai lililotundikwa na msaidizi wa nahodha, nasi tukaendelea.

Nimejaribu mara kadhaa kuwaeleza walimu wenzangu tulichokiona kule juu. Unapofika ukingoni, Ziwa Turkana liko nyuma yako likiwa na upepo na kelele, na mbele yako, chini kabisa ndani ya bakuli la miamba, kuna ziwa jingine lililotulia tuli, la rangi ya kijani kizito, lisilo na wimbi hata moja. Hilo ni Ziwa la Mamba. Kisiwani kuna maziwa matatu ya namna hiyo. Mengine huitwa Ziwa la Flamingo na Ziwa la Tilapia. Mahali fulani mvuke ulipenya katika nyufa za mwamba ukiwa na harufu ya kiberiti, na kitinda mimba akauliza ni nani anayepika humo chini, swali ambalo ni sahihi kabisa, kwa kuwa volkeno hiyo haijafa. Mamba tulimwona kwa mbali, juu ya ukingo wa maji, mdomo wazi. Watoto walimtazama kwa utulivu ambao sijauona darasani. Heroe, yaani flamingo, walikuwa wachache siku hiyo. Anayetaka makundi yao na aende Bogoria.

Tukiwa pale juu niliwaeleza pia jambo ambalo ningependa kila mgeni alijue. Mbuga tatu za ziwa hili, yaani Sibiloi, Kisiwa cha Kati na Kisiwa cha Kusini, ni Urithi wa Dunia wa UNESCO, kwanza kwa sehemu mwaka 1997, na mwaka 2018 ziliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, hasa kwa sababu ya bwawa la Gibe III lililo kwenye Mto Omo nchini Ethiopia. Mto Omo ndio uletao takriban asilimia 90 ya maji ya ziwa hili lisilo na mto wa kutokea. Anayeushika Omo amelishika ziwa. Katika miaka ya karibuni maji yamepanda, na nahodha alituonyesha vigogo vya mikoma vilivyosimama ndani ya ziwa, lakini hilo halinitulizi kuhusu miaka ijayo, na kwangu ni sababu ya kuwapeleka watoto mapema.

Malazi ya Kalokol ni ya kawaida sana: kitanda, neti, maji ya ndoo na feni inayozunguka umeme ukiwapo. Chakula kilikuwa samaki na ugali, na kilikuwa kizuri. Nilifurahi kuwaambia watoto kwamba mbuta, ambaye sisi tunamhesabu kuwa samaki wetu wa Dunga, aliletwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, ilhali Turkana ni mwenyeji tangu zama za kale.

Mtu asijaribu kuunganisha Sibiloi katika safari hii. Mbuga hiyo, yenye Koobi Fora, yanakochimbuliwa mabaki ya binadamu wa kale, na msitu uliogeuka mawe, iko ufuo wa mashariki. Wapo wanaovuka kwa boti, lakini kwa familia njia inayofaa ni nyingine kabisa, kupitia Nakuru, Nyahururu, Maralal na Loiyangalani, na inahitaji gari imara zaidi na siku nyingi zaidi. Watoto wetu walikuwa wameahidiwa zote mbili, na ahadi hiyo tulipaswa kuivunja mezani nyumbani kabla ya kuondoka, wala si Lodwar.

Asubuhi ya kurudi, mama mkwe aliomba tupitie wanakoanika samaki. Alitembea kati ya safu za ngege waliopasuliwa na kulazwa juani, akainua furushi moja, akageuza kamba iliyolifunga na kutazama fundo lake. Akasema kwamba kwa miaka yote aliyokaa Jubilee alifungua mafundo ya aina hiyo kila alfajiri mzigo uliposhushwa kutoka Kitale, bila kuwahi kuliona ziwa lililouleta. Mama aliyekuwa akiyafunga alimsogezea kigoda. Waliongea Kiswahili kuhusu bei, chumvi na wadudu kwa karibu saa nzima, na dereva, ambaye alikuwa na kilomita zaidi ya 300 za kwenda kabla ya giza, hakuwaharakisha.