Boti ya usiku San Antonio: Krismasi ya mama yangu nje ya theluji

Mama yangu alifika Minneapolis, kaskazini mwa Marekani, tarehe 3 Desemba, na wiki haikuisha kabla hajaacha kusogelea dirisha. Ana miaka 71, goti la kulia linamsumbua, na maisha yake yote ni ya Kibosho, Moshi. Kwetu Desemba ni mwezi wa watu kurudi. Magari kutoka Dar yanapanda mlima usiku na mchana, kila kihamba, yaani shamba la nyumbani, kina mgeni, mtori uko jikoni tangu alfajiri, mbuzi anachinjwa, na watu wanakaa nje mpaka usiku mkubwa. Hilo la kukaa nje ndilo alilolikosa zaidi. Majirani zangu wanapamba nyumba zao vizuri sana, na nilimzungusha mtaa mzima azione taa zao, lakini tuliziangalia kutoka ndani ya gari, vioo vimefungwa, hita inavuma. Tuliporudi akaniuliza, "Sasa hawa watu wanaonana saa ngapi?"

Usiku ule ule nikakata tiketi za ndege kwenda San Antonio, Texas, tarehe 23 mpaka 28. Naandika haya kwa ajili ya mtu mwenye mzazi aliyekuja kumtembelea huku kaskazini wakati wa baridi na anayeona jinsi anavyonyong'onyea ndani ya nyumba. Nitazungumzia mambo kadhaa, lakini hasa ile boti ya mtoni, kwa sababu ndiyo iliyonirudishia mama yangu.

Tulipoondoka Minneapolis ilikuwa nyuzi 19 chini ya sifuri. Tulipotua San Antonio mchana ilikuwa 22. Mama alisimama nje ya mlango wa uwanja wa ndege, akavua koti, akavua kofia, akavua glavu moja baada ya nyingine, akanikabidhi vyote. Dereva wa Uber aliyetuchukua alikuwa kijana wa Uvira, Kongo. Aliposikia tunavyoongea alipunguza redio na kugeuka kidogo: "Jambo mama, munatokea wapi?" San Antonio ina Wakongo wengi waliofika kama wakimbizi, kwa hiyo Kiswahili utakisikia mahali ambapo hukutegemea. Mama aliongea naye njia nzima. Yeye ndiye aliyetuambia tusiende mtoni saa kumi na mbili jioni kama wageni wengine, twende baada ya saa tatu, familia zenye watoto wadogo zikishaondoka. Ushauri huo ushike.

River Walk, kwa asiyeijua, ni njia za miguu zinazofuata mto San Antonio katikati ya mji, chini kabisa ya barabara, kama kimo cha ghorofa moja hivi. Juu yako magari yanapita, na wewe uko chini pamoja na maji, madaraja ya mawe na miti mikubwa ya mberoshi. Mwaka 1921 mto huu ulifurika ukaua watu wasiopungua 50, na kukawa na mpango wa kuifunika kwa saruji ile sehemu inayojipinda katikati ya mji, igeuke mtaro wa maji ya mvua. Wanawake wa Conservation Society, chama kilichoanzishwa mwaka 1924, walikuwa mstari wa mbele kuupinga. Msanifu wa hapo, Robert Hugman, akachora mwaka 1929 jinsi mto unavyoweza kuwa mahali pa watu kutembea na kula, na kazi yenyewe ikajengwa kati ya 1939 na 1941 kwa fedha za serikali za kuwapa watu ajira. Nilipomweleza mama haya, alitazama yale madaraja kwa muda kisha akasema kwamba waliokataa kuufunika mto waliona mbali.

Taa za Krismasi huwashwa Ijumaa inayofuata Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani ya mwishoni mwa Novemba, siku ya gwaride la boti, na huachwa mpaka Januari. Hazikuzungushwa kwenye shina kama tulivyozoea. Zinaning'inizwa kutoka kwenye matawi ya juu kabisa, nyuzi ndefu za rangi nyekundu, kijani, bluu na manjano, zikishuka hadi karibu na vichwa vya watu. Miberoshi ya kule hupukutisha majani wakati wa baridi, kwa hiyo kinachobaki ni mifupa ya mti na taa. Maji yakitulia unaziona mara mbili.

Sasa boti. Zinaendeshwa na kampuni ya GO RIO, ni bapa, hazina paa, zimepakwa rangi kali kali, na abiria mnakaa pembezoni mkitazamana. Zinatumia umeme wa betri. Sikujua jambo hilo lina maana gani mpaka tulipoondoka gatini: hakuna mngurumo, hakuna moshi, unasikia maji yakigonga ubavu wa boti na watu wakicheka kwenye meza za kandokando. Nahodha ndiye pia msimulizi. Safari ni dakika 35 hivi. Nahodha wetu alikuwa mama wa makamo mwenye sauti tulivu, alieleza habari za mto bila kukimbia, na tulipofika chini ya daraja alinyamaza. Nilishukuru sana kwa kunyamaza kule. Chini ya daraja ni giza na ubaridi, sauti zote zinakatika, halafu boti inatokea upande wa pili na taa zote zinakumiminikia kwa pamoja.

Hapo ndipo mama alipotoa mkono nje ya kanga. Waya mmoja wa taa ulikuwa umeshuka chini kuliko mingine, na boti ilipita karibu, na yeye akanyoosha kidole kana kwamba anataka kukigusa kile kigololi chekundu. Hakukifikia. Mkono wake ulikuwa mwekundu, kisha kijani, kisha ukarudi rangi yake. Mtoto wa familia iliyokaa mbele yetu, msichana wa miaka kama minne, akamwona na yeye akanyoosha wa kwake. Hawakuwa na lugha moja. Walinyooshana mikono hivyo mpaka kona iliyofuata.

Tulipita Arneson, ukumbi wa wazi ambao jukwaa liko ng'ambo hii ya mto na viti vya watazamaji viko ng'ambo ile, maji katikati. Tulipita Casa Rio, mgahawa uliofunguliwa hapo mtoni mwaka 1946, wenye miavuli ya rangi zote. Kila tulipopita watu walitupungia mikono kutoka kwenye meza na mama aliwapungia wote. Wote kabisa. Niliporudi hotelini ndipo nilipong'amua kwamba hicho ndicho alichokuwa anakiulizia Minneapolis: watu kuonana. Mji wenye joto unawapa watu nafasi ya kuwa nje usiku wa Desemba, na mtu aliye nje anaonekana na anasalimiwa. Kwa mzee asiyeweza kutembea mwendo mrefu, boti inampitisha mbele ya watu hao wote akiwa ameketi.

Kuhusu miguu lazima niseme ukweli. Ramani inaonyesha lifti kadhaa za kushuka mtoni, lakini nyingine ziko ndani ya majengo ya watu binafsi. Ile tuliyoitegemea siku ya kwanza, ndani ya hoteli moja, ilikuwa mbovu, na karatasi ya kutangaza hivyo ilibandikwa ndani, siyo nje. Mama alishuka ngazi za mawe hatua moja moja, mimi nikiwa mbele yake kinyumenyume. Iliniuma sana. Piga simu kabla, au mwulize mlinzi wa mtaani. Na kumbuka kwamba njia ya kando ya maji haina kingo sehemu kubwa. Ukiwa na mzee au mtoto, wewe tembea upande wa maji.

Tuliingia mgahawa mmoja wa mtoni kwa ajili ya mandhari. Chakula kilikuja cha vuguvugu, na bili ilikuwa tayari imejumuisha ada ya huduma huku pameachwa nafasi ya kuongeza bakshishi nyingine. Nililipa mara mbili bila kujua. Soma bili yako mpaka mstari wa mwisho.

Kula vizuri tulikula kwingine. Mi Tierra, pale Market Square, ilifunguliwa mwaka 1941 ikiwa na meza tatu tu, na leo ni jumba zima. Inajulikana kwa mapambo yake ya Krismasi yasiyotolewa mwaka mzima: taa dari nzima, karatasi zilizokatwa maua, nyota za kung'aa. Mama aliuliza kama wamepamba kwa ajili ya wiki hii. Nilipomwambia kwamba hata mwezi wa saba ni hivi hivi, alifurahi kweli. Mariachi, wanamuziki wa Kimeksiko, walipita kati ya meza na magitaa yao, na mlangoni kuna kabati refu la kioo la mikate mitamu. Chukua ile ya mviringo yenye sukari ya kupasuka pasuka juu, wanaiita concha. Foleni ni ndefu, ila kuna pa kukaa.

Kilichomgusa mama zaidi, hata hivyo, hakikuwa na meza wala muziki. San Antonio Krismasi ni tamales. Familia hukutana kuziandaa kwa wingi, na wasio na muda huzinunua kwa dazeni. Asubuhi ya tarehe 24 tulipanga foleni kwenye kiduka kidogo upande wa magharibi wa mji, watu wamebeba masufuria na mabegi ya kutunza joto. Tamale ni unga wa mahindi uliokandwa na mafuta, umepakwa kwenye ganda la hindi lililolowekwa, ukawekwa nyama katikati, ukakunjwa na kupikwa kwa mvuke. Ganda haliliwi. Mwaka 1976 Rais Gerald Ford alikuja mjini humo humo akaing'ata tamale na ganda lake, na watu wanakumbuka mpaka leo, kwa hiyo mfundishe mgeni wako mapema. Mama hakuhitaji kufundishwa. Alilifungua ganda taratibu, mvuke ukampanda usoni, akageuza ule unga akaonyesha michirizi ya ganda iliyochapika juu yake, mistari midogo iliyonyooka kama ya khanga mpya iliyokunjwa. Akanusa. "Haya mahindi wameyafanya kitu," akasema. Alikuwa sahihi: huchemshwa na chokaa kwanza, maganda ya punje yalainike, ndipo yasagwe. Mwenye duka alipoona anavyochunguza, akamletea kikombe cha champurrado bila kumtoza. Ni unga huo huo wa mahindi uliokorogwa na chokoleti na mdalasini, mzito, wa moto. Mama alionja mara moja tu. "Mwanangu, huu ni uji." Akamshika yule mwanamke mkono, akamshukuru kwa Kiswahili, na yule akamjibu kwa Kihispania.

Usiku tulikwenda Misa ya mkesha San Fernando, kanisa kuu ambalo ujenzi wake ulianza 1738. Fika saa nzima kabla. Misa ilikuwa ya Kihispania na mama aliifuata yote, anajua kila mahali tulipofika, akajibu kwa lugha yake. Mzee aliyekaa pembeni yetu alitueleza kwamba Papa Yohane Paulo wa Pili alifika katika kanisa hilo mwaka 1987. Nilimtafsiria mama. Alinyooka kwenye benchi. Mwaka 1990 Papa huyo alipokuja Moshi, mama alikuwa kwenye umati, na mimi mgongoni. Aliniambia nimwambie mzee hivyo hivyo, na la mgongoni nisiliache.

Onyo la hali ya hewa: usidanganywe na joto la siku ya kwanza. Tarehe 26 upepo wa kaskazini ulishuka ghafla, na jioni ikawa nyuzi 6. Wenyeji wameuzoea, unakaa siku moja au mbili unapita. Beba sweta na kitu cha kujifunika magoti, kwa sababu botini hakuna pa kujificha na upepo wa majini unaingia kwenye mifupa. Na kama ratiba yako inaruhusu, nenda mapema kuliko sisi. Wikendi za Desemba kabla ya Krismasi njia za mtoni huwekwa luminarias, mifuko ya karatasi yenye mchanga na mshumaa ndani, ya kuwaonyesha Maria na Yosefu njia. Na kwaya za shule huimba zikiwa ndani ya boti. Tulikuta hayo yamekwisha, na mwakani, Mungu akipenda, nitampeleka tarehe 10.

Tarehe 27 upepo ulikuwa umetulia. Nilimuuliza mama anataka tufanye nini usiku wa mwisho, nikamtajia makumbusho, maduka, mnara wa mwaka 1968 wenye mgahawa juu. Alisikiliza yote. Saa tatu usiku tulikuwa gatini tena, na kabla sijamaliza kumwonyesha mhudumu tiketi kwenye simu, mama alikuwa ameshashikwa mkono na nahodha, ameshuka botini, ameketi mbele kabisa upande wa kushoto, upande ule waya wa taa unaoshuka chini kuliko mingine.