Pampu mbadala ya maji ya bahari: yenyewe nzuri, vikorokoro vyake hapana

Pampu naipa nyota nne kati ya tano. Vilivyokuja nayo kwenye boksi, yaani skrubu, gasketi na kikaratasi cha maelekezo, sivipi hata moja.

Boti yangu ni ndogo, ya uvuvi. Injini ni dizeli ya ndani, na maji ya bahari ya kuipoza huvutwa na pampu yenye impela (gurudumu dogo lenye mabawa) ya mpira, inayozungushwa na mkanda. Ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya boti ambako maji hukusanyika, ilianza kujaa upesi mno. Wengi wakiona hivyo hulaumu pale shafti ya pangaboi inapotokea, kwa kuwa hapo pana kawaida ya kudondoka kidogo hata kwenye chombo kizima. Lakini tukiwa tumetia nanga, injini imezimwa, maji hayakuongezeka. Yalipanda tukiwa mwendoni tu, kwa hiyo nikaanza kwenye injini. Kuonja hakukuwa na haja (na usionje, kipoza cha injini kinaweza kuwa sumu): chini ya pampu palikuwa na ukoko mweupe wa chumvi, na mkanda ulikuwa ukirushia majimaji ukutani.

Kujua kwamba ni pampu hakutoshi, maana pampu ina sehemu kadhaa za kuvujia. Niliifuta ikakauka kabisa, nikazungushia karatasi ya shashi kwenye midomo inapoungwa mipira ya maji na ukingoni mwa kifuniko, nyingine nikaitandika chini ya lile tundu dogo la tumboni. Nikawasha, mikono mbali na mkanda. Shashi za juu zilibaki kavu. Ya chini ililowa chapa hata injini haijapata moto.

Tundu hilo lipo kwa makusudi. Kwenye pampu nyingi za aina hii shafti ina sili (pete za kuzuia kuvuja) mbili, moja ya kuzuia maji na nyingine ya kuzuia mafuta, na tundu liko katikati yake. Likitoa maji, sili ya maji imekwisha. Likitoa mafuta, ni ile nyingine. Kuna watu huliziba kwa gundi, eti wamemaliza tatizo. Maji hayo yatatafuta njia kwenye beringi, na pampu ikiwa imefungwa moja kwa moja kwenye injini, yanaweza kufika hadi kwenye oili ikageuka nyeupe kama maziwa.

Nilifunga valvu ya kuingizia maji kwanza, ndipo nikafungua. Swali lilikuwa: sili peke yake, au pampu nzima? Pitisha ukucha kwenye shafti mahali sili inapokaa. Wangu ulinasa kwenye mfereji, na sili mpya juu ya mfereji huo ingevuja tena muda si mrefu. Puli nayo ilicheza nikiitikisa, kumaanisha beringi zimechoka. Hapo sili za bei rahisi hazina msaada. Impela ya zamani ilikuwa imepoteza ubawa mmoja, nikausaka hadi nikaupata umekwama kwenye mdomo wa kipozeo, kile kifaa ambamo maji ya bahari hupita kupoza injini. Ukiuacha humo, utalaumu pampu mpya kwa kosa lisilo lake.

Hii mpya si ya kampuni iliyotengeneza injini. Mwili wake ni wa shaba, mzito, shafti laini, na matundu ya boliti yalilingana bila kulazimisha. Nyota niliyoikata ni ya midomo ya mipira: haina matuta ya kushikia, ikanibidi nifunge klempu mbili kila upande.

Sasa hivyo vikorokoro. Skrubu za kifuniko niliziwekea sumaku, zikarukia. Kwa maji ya chumvi hizo ni kutu tu, nikaweka zangu za chuma cha pua daraja la 316. Gasketi ilikuwa nene kuliko ya zamani, na unene huo huacha nafasi kati ya impela na kifuniko, mvuto ukapungua. Nikakata nyingine kwa karatasi nyembamba ya gasketi. Maelekezo hayasemi mabawa yalale upande gani (yalale nyuma, kinyume cha mzunguko), wala kwamba impela ipakwe sabuni ya maji ya vyombo kabla ya kuingizwa. Ikianza kuzunguka kavu, mpira huungua upesi sana. Kuhusu mkanda, kimya pia. Mimi niliukaza hadi ukashuka kama milimita 10 nikiukandamiza kwa kidole gumba. Ukiukaza kupita kiasi unaua beringi mpya.

Nilipofungua valvu na kuwasha, maji yalitoka kwenye ekzosi karibu papo hapo, mengi na ya mfululizo. Shashi chini ya tundu ikabaki kavu, na baada ya kutwa nzima baharini klempu zilihitaji kukazwa kidogo tu. Nikihitaji nyingine nitainunua hii hii, ila skrubu na karatasi ya gasketi nitakuwa nimeshaziandaa kabla haijafika.