Bisoprololi ya miligramu 2.5: nyota nne, ya tano imeliwa na vidole

Kidonge hiki cha moyo ni kidogo kuliko kifungo cha shati. Nakimeza kila asubuhi baada ya chai, mwaka na nusu sasa, nadhani nimeshapata haki ya kukisemea.

Shambulio la moyo lilinikuta nikiwa kwenye cherehani. Kifua kikabana, nikasema gesi hii, nikanywa tangawizi, nikalala. Hospitali nilifika kesho yake saa nne. Kwenye eko, kile kipimo cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, daktari akanionyesha kipande cha ukuta wa moyo kimetulia tuli huku vingine vinacheza. Hicho kimekufa, mzee, hakirudi. Moyo ulikuwa unasukuma asilimia 38 tu ya damu iliyomo kila unapopiga.

Kwa hiyo msidanganyike, kidonge hiki hakifufui msuli uliokufa. Ndugu yake, metoprololi, Hispania waliijaribu kwa wagonjwa 270, majibu yakatoka 2013: waliochomwa sindano yake mapema, kabla mshipa ulioziba haujafunguliwa, sehemu iliyokufa ilikuwa ndogo zaidi. Saa hizo mimi nilikuwa na tangawizi yangu.

Cha kwangu kinalinda kilichobaki. Kinaizuia adrenalini, ile kemikali ya mwili inayouhimiza moyo kwenda mbio, isiuchape. Moyo ukipiga polepole unatumia oksijeni kidogo, na mishipa yake wenyewe inapata nafasi ya kujaa, maana hujaa zaidi moyo unapolegea. Cherehani chakavu ukiikanyaga mbio utavunja sindano, fundi yeyote anajua. Mapigo nayahesabu kwa saa ya ukutani: yalikuwa 96, sasa 62. Eko ya mwisho imesoma asilimia 46, ingawa nameza na dawa nyingine tatu, sifa si zake peke yake.

Ubaya upo. Vidole vinapoa, hata na joto hili la Tanga, na kutunga uzi asubuhi ni shughuli. Wiki tatu za mwanzo nilipanda ngazi nikihema kama nimebeba gunia.

Duka moja la dawa nalo liliishiwa, muuzaji akaniambia, "Pumzika wiki, mzee, hakuna neno." Siku ya tatu mapigo 112, kifua kinauma. Dawa hii haikatwi ghafla! Ikibidi kuiacha, daktari ndiye anayeipunguza taratibu. Siku hizi nanunua ya mwezi unaofuata kabla ya huu haujaisha.

Msikimbilie kununua kwa sababu mimi nimesifu. Mwaka 2025 utafiti wa Hispania na Italia, watu zaidi ya 8,000 ambao mioyo yao ilisukuma zaidi ya asilimia 40 baada ya shambulio, haukuona faida ya dawa za jamii hii kwa vifo wala kwa shambulio la pili. Ulizeni eko yenu imesoma ngapi. Jirani yangu aliniomba viwili "ajaribu", kisa moyo unamwenda mbio. Ana pumu, na dawa za jamii hii zinaweza kubana kifua cha mwenye pumu. Nilimnyima, mpaka leo amenuna, na suruali yake bado iko hapa dukani.